Dhahabu Iliyofukiwa Chini Sana: Jinsi ya Kuifuata na Kuchukua Sampuli Isiyodanganya

Hamjambo nyote mnaotazama, na shikamooni wazee wa kazi. Nipo Busia, upande wa Uganda, kwenye mteremko wa shamba ambalo mwenyewe ameturuhusu kuingia. Miamba ya hapa ni ya kale sana, na ukanda wake unavuka mpaka kuingia magharibi mwa Kenya hadi Kakamega, ambako watu walikimbilia dhahabu miaka ya 1930. Tatizo ni kwamba huioni. Juu kuna udongo wa shamba, chini yake moramu, chini ya moramu kuna mwamba uliooza ukawa mfinyanzi, na unaweza kushuka mita 20 au zaidi kabla nyundo haijagonga jiwe zima.

La mashine za kutafuta dhahabu nilimalize mapema, maana maswali hayaishi. Ditekta nzuri husikia punje ndogo ikiwa kwenye kina cha sentimita 30 hivi. Kipande kikubwa kitasikika chini zaidi kidogo. Basi. Anayekuuzia antena ya mkononi inayojigeuza yenyewe kuelekea dhahabu iliyo mita 50 chini, anakuuzia antena tu. Hata zile ndege za utafiti zilizopita juu ya karibu asilimia 80 ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 2000, Karamoja ikabaki hadi baadaye, zilipima usumaku na mionzi ya miamba. Hazikupima dhahabu. Pesa ya antena iweke, utaihitaji maabara.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Kwa sheria ya Uganda madini ni ya serikali hata kama shamba ni la babu yako. Leseni hutolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2022, na ofisi ya kuanzia ni Kurugenzi ya Uchunguzi wa Jiolojia na Madini pale Entebbe. Ukiwa hapo hapo, ulizia ramani ya jiolojia ya eneo lako. Kisha zungumza na mwenye ardhi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Wachimbaji wadogo waliofukuzwa Mubende mwaka 2017 hawakufukuzwa kwa kukosa dhahabu, bali kwa kukosa leseni.

Hatua ya pili, tushuke mtoni. Chota mchanga mahali maji yanapopoteza nguvu: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona, na hasa chini kabisa kwenye nyufa za mwamba. Dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, na lile jiwe jeupe, kwatzi, halifiki hata mara 3, kwa hiyo dhahabu huzama mpaka izuiwe. Chekecha, osha kwenye karai, kisha ondoa mchanga mweusi kwa sumaku uliyoifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Hesabu chembe zilizobaki. Kila mahali tumia ndoo ileile, ijae kiasi kilekile, la sivyo hesabu zako hazilinganishiki. Panda na mto, pima juu na chini ya kila kijito kinapoingia. Pale chembe zinapopotea ghafla, umeshapita chanzo. Rudi nyuma uangalie kingo zote mbili.

Sogeza kamera karibu kidogo. Mnaona chembe hii? Ina ncha, na kipande cha jiwe jeupe bado kimeng'ang'ania. Hii haijasafiri mbali. Ile iliyopondeka ikawa bapa na laini pembeni imebiringishwa na maji muda mrefu, na nyumbani kwake huenda ni mbali.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo wengi huiruka: kichuguu. Mchwa hushuka mita kadhaa kutafuta unyevu na mfinyanzi wa kujengea, na wanapopanda huleta vumbi la kule chini. Pale ambapo moramu imeziba kila kitu, mchwa amekwisha kuchimba kwa niaba yako. Wajiolojia wa Zimbabwe walishaitumia njia hii zamani. Usikwangue ganda la nje, kwa sababu mvua imelisafisha na upepo umeongeza vumbi la barabarani. Toboa ndani kidogo, chukua kutoka pande tatu nne za kichuguu kimoja, changanya, pata kilo 2 au 3. Andika namba, chukua jipiesi, piga picha. Palipo na vichuguu vichache, jaza nafasi kwa udongo wa shambani, ukipita tabaka la kulimwa, kwenye mistari inayokata mteremko. Kama ramani inaonyesha miamba imelala kuelekea upande fulani, mistari yako iikate, isiende sambamba nayo.

Udongo wa juu uoshe kwenye karai kwa hesabu ya haraka, lakini sehemu yake ipeleke maabara wapime arseniki pia, ile elementi yenye sumu iliyomo kwenye miamba. Dhahabu ya aina hii mara nyingi huandamana na arseniki, na arseniki hutawanyika katika eneo pana kuliko dhahabu yenyewe. Ukipasua jiwe lenye kutu ukanusa kitunguu saumu, ni dalili ya arseniki hiyo. Weka alama hapo, na usikae ukivuta vumbi lake.

Sasa ramani yako ina vidoa vya matokeo mazuri vinavyoanza vipana chini ya mteremko na kubanana kadiri unavyopanda. Vinapobanana ndipo pa kuchimba.

Hatua ya nne, shimo la majaribio. Usalama kwanza, na hili silipunguzi: udongo uliochimbwa ukae angalau mita moja kutoka ukingoni, kuta zikipita kimo cha kifua ziwekewe miti, na asiingie mtu peke yake. Msimu wa mvua acha. Shimo refu lisilopitisha hewa linaweza kuua bila kuporomoka.

Ndani ya shimo soma tabaka. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno. Katika nchi yetu ya mvua na joto, maji yameosha tabaka za juu kwa maelfu ya miaka, na dhahabu nyingine imeyeyuka ikahamia chini. Kwa hiyo mita za kati zinaweza kutoa matokeo hafifu huku mshipa, yaani ule mstari wa jiwe lenye dhahabu, chini yake ukiwa mzima. Kinyume chake pia hutokea: moramu ina punje nyingi zilizojikusanya, na chini hakuna kitu. Ndiyo maana kila mita hupata mfuko wake. Ukichanganya shimo zima kwenye gunia moja umefuta habari yote.

Hatua ya tano, mkiufikia mshipa. Usichague jiwe linalong'aa! Safisha ukuta kwa brashi na maji, tandika turubai safi, kisha kwa tindo na nyundo chonga mfereji wa upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 5, ukiukata mshipa kutoka ukingo hadi ukingo. Mita moja ya mfereji huo hutoa takriban kilo 13 za jiwe. Mshipa uwe na mfuko wake, na mwamba wa kila upande mfuko wake. Na vueni pete. Pete ya dhahabu ikikwaruza jiwe, maabara itakupa habari njema za uongo.

Kwa nini nasisitiza hivi? Maabara huyeyusha gramu 50 tu za unga wako, au hata 30. Chembe moja ya miligramu 1, ndogo kuliko punje ya sukari, ikiingia kwenye gramu hizo 50 inasomeka gramu 20 kwa tani. Isipoingia, unasoma sifuri. Basi ponda kilo zote 13 kwanza ziwe laini, ndipo upunguze: rundika kama kilima, bapaza juu, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia hadi kilo 2. Kugawa kabla ya kuponda ni kucheza kamari.

Katika kila mifuko 20 ficha mmoja wa jiwe tupu lisilo na dhahabu, na mwingine uwe pacha wa sampuli uliyokwisha kuiweka. Vyote vibebe namba za kawaida, maabara isijue. Jiwe tupu likirudi na dhahabu, kuna uchafu mahali fulani, na matokeo ya kundi zima usiyaamini.

Majibu yakija, yasomeni kwa akili. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Uganda ina tani milioni 31 za mawe yenye dhahabu, zitakazotoa zaidi ya tani 320,000 za dhahabu safi. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya kilo 10 kwa kila tani, na jumla yake inapita dhahabu yote ambayo wanadamu wamewahi kuichimba, inayokadiriwa kuwa tani laki mbili na kidogo. Namba hizo haziaminiki. Gramu 5 kwa tani katika mshipa mpana ni habari nzuri sana.

Mifereji kadhaa jirani ikikubaliana, hapo ndipo mnazungumza na mwenye mashine ya kuchoronga. Shimo lake lilale, nyuzi 60 hivi, likiukata mshipa. Likisimama wima linaweza kuuteremkia kwa urefu na kuufanya uonekane mnene kuliko ulivyo. Mashine ya hewa inaleta vipande vya mawe kila mita, ile yenye ncha ya almasi inaleta mche mzima wa jiwe. Mche huo hupasuliwa katikati: nusu iende maabara, nusu ibaki kwenu, pakavu, na kina kimeandikwa juu ya sanduku, kwa sababu mnunuzi yeyote mwenye akili atataka kuipima mwenyewe.