Mpaka Hauoni Nia ya Mtu

Mabibi na mabwana, tuanzie dirishani, anapokaa afisa uhamiaji. Chini ya ukurasa wa pasipoti wenye picha kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44 za herufi, tarakimu na alama. Mashine inaisoma. Humo zimo tarakimu za uhakiki: mtu akigeuza tarehe ya kuzaliwa akaziacha hizo, hesabu inakataa. Kisha jina linatafutwa kwenye orodha ya tahadhari, na hapo ndipo kazi inapokwama. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwa kompyuta ni watu watatu. Ukibana utafutaji, unayemsaka anapita. Ukiulegeza, wasio na hatia wanawekwa kando na foleni inafika barabarani. Kinachosaidia ni tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na alama za vidole, na kwa mtu anayesakwa, hayo hayatoki uhamiaji. Yanatoka kwa wapelelezi.

Wasipoyatoa? Januari 2000, Khalid al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi, wafuasi wa al-Qaeda, waliingia Marekani kupitia Los Angeles. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walikwisha kujua kwamba al-Mihdhar ana viza ya nchi hiyo. Alitoka, akaingia tena Julai 2001, na bado jina halikuwemo kwenye orodha. Liliingizwa mwishoni mwa Agosti. Septemba 11 wote wawili walikuwa miongoni mwa watekaji wa ndege iliyogonga Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani. Mwaka 2003 Marekani iliihamishia kazi ya uhamiaji Wizara ya Usalama wa Ndani. Hatua kubwa, lakini tundu walilopitia wale wawili lilikuwa kati ya ofisi na ofisi.

Kenya nayo ilifunga rasmi mpaka wake na Somalia mwaka 2011, karibu kilomita 700. Wafanyabiashara na wenye jamaa ng'ambo hawakuacha kuvuka, walihamia njia za panya. Serikali ikakosa kile hasa ambacho kituo cha mpaka hutoa: kumbukumbu ya nani kavuka, lini, kwa hati gani. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa na al-Shabaab, wanamgambo wa Somalia, wakauawa zaidi ya watu 140. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba yake alikwisha kuripoti kwamba kijana haonekani. Mwaka huohuo ujenzi wa uzio wa mpakani ukaanza Mandera. Uzio haumzuii raia, na fedha zile zingefanya kazi zaidi kwingine.

Taarifa ya kijana aliyetoweka ifike vituo vyote siku hiyohiyo, pamoja na namba ya kitambulisho chake. Wanaotoka waandikwe sawasawa na wanaoingia. Vituo viwe na umeme na mtandao wa akiba, kwani mashine zikizima maafisa hurudi kwenye daftari, na majina ya daftarini hayalinganishwi na orodha yoyote mpaka mtu akae ayaingize kwa mkono.