Mdogo wangu wa Kasapa na ile ngazi ya chini

Jambo yenu bandugu! Ninyi wa Lubumbashi, wa komini ya Kenya, wa Katuba, wa Ruashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaonitazama. Niko jikoni hapa Liège, Ubelgiji, nimetoka kazini sasa hivi, hata koti sijavua. Kuna neno limenikaa moyoni tangu Jumatatu.

Mnajua kazi yangu ni ya ofisini, kuingiza fakitire, yaani ankara, kwenye kompyuta. Tulikuwa watu saba. Fakitire inakuja, unasoma jina la muuzaji, tarehe, bei, kodi, unaandika. Sasa tunaiweka kwenye skana, programu inasoma yote yenyewe, mimi ninakagua tu kama haikukosea. Tumebaki watatu. Wale wanne hawakufukuzwa, mikataba yao iliisha wakaenda. Na wote walikuwa vijana! Sisi wa zamani tumebaki kwa sababu fakitire ya uongo tunaitambua kwa jicho. Lakini jicho hilo nililipata wapi? Mwaka wangu wa kwanza, nikiandika maelfu ya fakitire na sijui kitu. Akili bandia inakula ngazi ya chini kabisa, ile tuliyopandia sisi wote. Mtoto wa leo atakanyaga wapi?

Basi Jumatatu mdogo wangu akanipigia. Ana sekretariati karibu na chuo kikuu cha Lubumbashi, upande wa Kasapa: kompyuta mbili, printa moja, mashine ya kurelie, ile ya kufunga kurasa ziwe kitabu. Wanafunzi walikuwa wanamletea kazi zao za mwisho wa masomo kwenye daftari, zimeandikwa kwa bic, naye anazichapa ukurasa kwa ukurasa. Wakati wa kutetea kazi ulipokaribia alikuwa analala palepale dukani. Mwaka huu wanakuja na simu tu. Wamepiga picha daftari, programu imegeuza maandishi, wanataka karatasi na kurelie basi. Akaniambia, "Yaya, mkubwa wangu, vidole vyangu havina kazi tena."

ChatGPT, ile programu ya akili bandia, ilitoka Novemba 2022. Ona ilivyofika Kasapa haraka! Kuna wanaosema delestaji, kule kukatwa umeme kila mara, itatukinga. Sikubali. Mashine zenyewe za akili bandia ziko mbali, kwenye majumba yenye umeme usiokatika, mwanafunzi anahitaji chaji ya simu tu. Januari 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema karibu asilimia 40 ya kazi duniani zinaweza kuguswa na akili bandia, 60 kwenye nchi tajiri, 26 kwenye nchi maskini. Watu wakisikia 26 wanapumua. Mimi sipumui. Kwetu kazi za ofisini ni chache tangu zamani, na kila mshahara mmoja una watu wangapi wanaozunguka sahani ya bukari? Hesabuni nyumbani kwenu.

Na majumba yale ya mashine yanameza shaba, kwenye nyaya, kwenye transfoma. Shaba yetu inapita Kasumbalesa kwa malori, ninyi mnaiona kuliko mimi. Kobalti inaingia kwenye betri za simu, na zaidi ya asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Basi ninawaomba wakubwa wetu wa Katanga: pesa ya migodi ilipe staji za vijana, staji yenye mshahara, miezi sita, mwaka, mtoto akae karibu na mtu anayejua kazi. Ngazi ikikatika, tuitengeneze wenyewe.

Mdogo wangu alinieleza kitu kingine. Mama mmoja wa Katuba alikuja na matatizo ya kiwanja. Anaongea Kiswahili chetu, lakini barua ya komini lazima iwe kwa Kifaransa. Walikaa saa nzima. Akamwuliza polepole: mama, ulinunua kwa nani, shahidi alikuwa nani, mpaka wa jirani unaanzia wapi? Mpaka mama akakumbuka risiti iliyokuwa ndani ya Biblia yake, akairudia nyumbani. Kisha mdogo wangu akampa programu maneno yote, ikanyoosha Kifaransa kwa dakika mbili.

Nikamwuliza, ulimlipisha ngapi? "Bei ya ukurasa mmoja, Yaya."

Ukurasa mmoja! Nikamwambia, hapana, alipe ile saa. Kumwuliza mama yule mpaka risiti itoke kwenye Biblia, hiyo ndiyo kazi yako sasa. Kesho jioni ananipigia tena, tunaandika bei mpya, aibandike mlangoni kabla wanafunzi hawajarudi.