Niliacha kumwamkia mjomba: "to" na "-ing" kwa sikio la Mswahili

Walimu wenzangu, shikamooni. Na nyie vijana wa huko nyuma, hamjambo?

Naanza na insha. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliandika habari za sikukuu ya Idi, na katikati ya ukurasa nikakuta hii: "On the way to the mosque I stopped greeting my uncle." Nikamwita. Vipi, mmegombana na mjomba? Akashangaa. "Hapana mwalimu, nilisimama nikampa shikamoo, na mkono wa Idi akanipa." Ndivyo alivyokusudia. Alichoandika ni kwamba siku ile, njiani kwenda kuswali, alikata shauri mjomba asipate salamu yake tena. Kwetu hilo ni jambo la kuitisha kikao cha ukoo! Alitakiwa aandike "I stopped to greet my uncle."

Yule mtoto hakuwa mzembe. Kosa lake limetoka kwenye Kiswahili, tena kwenye Kiswahili kizuri. Sisi tuna ku- moja inayobeba mizigo miwili. "Nataka kusoma," hiyo ni ku-. "Kusoma kwake kunanifurahisha," ni ku- ileile, ila sasa imekuwa nomino kamili, ina ngeli yake na inavuta upatanisho. Mwingereza mizigo hiyo kaigawa: huku "to read", kule "reading", na kila kitenzi kinachotangulia kina upande wake. Vitabu vinatupa orodha. "Want, hope, decide, plan" ziende na "to". "Enjoy, avoid, finish, deny" ziende na "-ing". Nilizikariri enzi zangu kama jedwali la kuzidisha, na kwenye chumba cha mtihani zikachanganyika kama mchele na choroko.

Siku hizi orodha naiweka pembeni kwanza, nakiuliza Kiswahili. Chukua sentensi yako, ondoa ku-, weka kitenzi chenye -e mwishoni: nisome, aende, tule. Kisha sikiliza.

"Nataka kusoma." "Nataka nisome." Inasimama? Inasimama. Basi andika "to": "I want to read." "Tumepanga kusafiri," "tumepanga tusafiri." Imesimama tena: "We have planned to travel." Haya, "nimemaliza kula." "Nimemaliza nile"? Mnacheka. Na mtoto wa chekechea angecheka. Basi hapo "to" haina nafasi: "I have finished eating." "Anaepuka kukopa." "Anaepuka akope"? Hapana: "She avoids borrowing." "Alikana kuiba." "Alikana aibe"? Sikio limekataa: "He denied stealing."

Hii si bahati nasibu. Ile -e yetu inaelekeza kidole kwenye jambo ambalo bado halijatendeka. Na hiyo "to" ya Kiingereza, ukifuata ukoo wake, ni ileile ya "go to school": tangu Kiingereza cha kale ilikaa mbele ya kitenzi kuonyesha kinakoelekea. "-ing" ukoo wake ni mwingine, ni kiambishi kilichogeuza kitenzi kuwa jina la tendo, na kwenye Kiingereza cha kale utakiona pia kama "-ung". Huwezi kumaliza kula kabla hujala.

Utamu wenyewe uko kwenye "remember". Mtu amepanda daladala, kafika kituo cha tatu, anaanza kujipapasa mfukoni. Mlango! Nimefunga au sijafunga? Anasemaje akijituliza? Hasemi "nakumbuka kufunga". Anasema "nakumbuka nilifunga", na -li- yake safi kabisa. Hiyo ndiyo "I remember locking the door." Asubuhi mkewe alimwambia nini? "Kumbuka ufunge mlango." Imerudi -e: "Remember to lock the door." Kumbe tofauti ambayo kitabu kinaipa kurasa mbili tunaisema kila siku, hatujui tu kwamba tunaisema. Na ta- nayo iko upande wa -e: "aliahidi atakuja", "he promised to come."

Sasa msije mkanishtaki. Kipimo hiki kina mashimo, na mawili nayaandika ubaoni kwa chaki nyekundu. "Napendekeza twende" inakaa vizuri, lakini Mwingereza hasemi "I suggest to go", anasema "I suggest going." Na "amekataa kwenda" haigeuki ikawa "amekataa aende" bila kumwingiza mtu mwingine, ila kwa Kiingereza ni "he refused to go." Haya mawili yakariri. "Begin", "start" na "continue" zisikunyime usingizi, zinapokea zote mbili.

Kuna "to" nyingine inayotutia aibu kwenye barua. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliifunga kwa "I look forward to hear from you." Kazi sikupata, ingawa siwezi kuilaumu "to" peke yake. "To" hiyo ni kihusishi, na kihusishi kinataka jina. Jaribu kuweka jina: "I look forward to your letter." Imekubali, kwa hiyo andika "hearing". Jaribu kwenye "want": "I want to your letter." Imekataa. Ndiyo maana "nimezoea kuamka mapema" ni "I am used to waking up early", na "zamani nilikuwa nikiamka mapema" ni "I used to wake up early." Wanafanana kwa sura, ila siku hizi kila mmoja ana kazi yake.

Naona mkono. Sema, binti. "Try"? Ahsante, nilitaka kuikwepa. Humu ndani joto limezidi. Kijana uliye karibu na dirisha, "try opening it": yaani hebu fungua tuone kama tutapata hewa. Lakini hilo dirisha nalifahamu, bawaba zake zina kutu tangu muhula uliopita. Kwa hiyo "try to open it." Mpe mkono mwenzako, msukume wote.