Kanzu Nyeupe na Uso Uliozama Gizani: Mazungumzo kwa Anayeanza Kupiga Picha

REHEMA: Assalaam aleikum, wasikilizaji. Wengi mmetuuliza ni kamera ipi inunuliwe kwanza, lakini Kaka Salim ameomba tuanze na mwanga. Kwa nini, kaka?

SALIM: Waaleikum salaam, dada yangu. Ni kwa sababu kosa lililoniumiza zaidi nilipoanza halikutokana na ubovu wa kamera. Nilialikwa kupiga picha za nikaha ya jamaa yetu msikitini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na wanaume karibu wote walikuwa wamevaa kanzu nyeupe. Nilipozifungua picha zile nyumbani, kanzu zilikuwa za kijivu, na uso wa bwana harusi ulikuwa umefifia kiasi kwamba mama yake hakuweza kuyaona macho ya mwanawe. Nikaha hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha, na jambo hilo linanisikitisha mpaka leo.

REHEMA: Na kamera ilikuwa nzima?

SALIM: Nzima kabisa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kimeelekezwa kwenye kanzu, bahari au gunia la makaa; hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa ni cha kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa hiyo weupe ukitawala picha, kamera huona kwamba mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa mtu mweusi, ambao tangu mwanzo unarudisha mwanga kidogo kuliko kitambaa, huzama gizani. Buibui mbele ya ukumbi wenye giza huleta kosa la upande wa pili: kamera huongeza mwanga, weusi wa nguo ukageuka kijivu na uso ukapauka.

REHEMA: Wengi wetu tunatumia simu. Tufanye nini?

SALIM: Kwenye simu nyingi, ukiugusa uso kwenye kioo na kukishikilia kidole hapo kwa muda, kipimo cha mwanga hubaki kwenye uso huo bila kubadilika, nawe unaweza kutelezesha kidole ili kuongeza au kupunguza mwanga. Kwenye kamera, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu anza na +1, kwa buibui anza na −1, kisha utazame matokeo kabla ya kuendelea.

REHEMA: Lakini nimeona kwamba nikiongeza mwanga ili uso uonekane, kanzu hupoteza mikunjo yake yote, ikawa kama karatasi tupu.

SALIM: Hapo ndipo mahali pa kumweka mtu panapokuwa na uzito kuliko vitufe vyote. Zanzibar iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta, na mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini. Mwanga huo huangukia mabega kwa ukali, huku macho yakibaki katika kivuli cha paji la uso, na hakuna kipimo kitakachoyapatanisha hayo mawili. Mwombe mtu akae barazani, kwenye kivuli, akiutazama ukuta mweupe wa upande wa pili wa kichochoro unaopigwa na jua. Ukuta huo hurudisha mwanga laini usoni mwake, hata ndani ya macho, na mikunjo ya kanzu hubaki. Kwa maoni yangu, kwa picha ya mtu hakuna taa ya kukodi inayoshinda kichochoro kizuri.

REHEMA: Na jioni?

SALIM: Kuanzia saa kumi na moja mwanga huja kwa ubavu na rangi yake hupata joto, lakini uwahi, kwa sababu kwetu jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi.

REHEMA: Kwa anayeanza wiki hii, zoezi liwe lipi?

SALIM: Achague mtu mmoja wa nyumbani, amwombe ridhaa yake, ampige picha kwenye baraza ileile asubuhi, adhuhuri na jioni, kila mara kwa vipimo vitatu: −1, sifuri na +1. Kisha azipange picha hizo tisa pamoja na kutazama macho kabla ya kitu kingine chochote.

REHEMA: Nitaanza na bibi yangu kesho, na nitamwomba avae kanga yake nyeupe.