Tucheze jamani, hata sisi wenye watoto

Habari za jioni jamani, asanteni sana kwa kuja, najua wengine mmekaa foleni ya Morocco hapa Dar mpaka mmechoka na mmetoka kazini moja kwa moja, sitawaweka sana.

Nataka tuongee kuhusu kucheza, na sio kuangalia mchezo. Kuangalia tunaweza, siku ya Simba na Yanga jiji zima linasimama, mtu anakutajia kikosi mpaka waliokaa benchi, ila muulize wewe mwenyewe mara ya mwisho umekimbiza mpira lini anakwambia sekondari. Ana watoto watatu saivi!

Na mimi sikubali kwamba ni uvivu. Mtu anayeamka saa kumi usiku Chanika ili awahi gari la mjini huwezi kumuita mvivu. Kinachotuua ni aibu, yani ukishaitwa mama fulani ukaonekana nje unaruka kamba majirani wanaanza kuulizana huyu vipi leo, yuko sawa? Wanaume walau wana chandimu na timu za maveterani, jioni mtu anashuka zake uwanjani na hakuna wa kumsema, ila mwanamke akishaolewa tu rede imeisha, netiboli imeisha, anabaki kuwa mtu wa kukaa kivulini na kushika mikoba ya wanaocheza. Hili linaniuma sana.

Halafu huyo huyo akifika miaka arobaini na kitu anaambiwa presha imepanda, fanya mazoezi. Sasa yanakuja kama dozi. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2020 walisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuutumikisha mwili kiasi, na misuli ifanyishwe kazi walau siku mbili, na 2024 wakatoa takwimu kwamba mwaka 2022 watu wazima karibu asilimia 31 duniani, watu bilioni 1.8, hawakufikia hata kile kiwango cha chini. Sishangai, maana dozi ukijisikia nafuu unaacha. Ila kwenye mchezo kuna wenzako wanakusubiri, usipotokea timu haitimii, watakupigia simu mpaka utoke ndani.

Chukueni rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wewe uko katikati na chupa yako unatakiwa uijaze mchanga. Angalieni mwili unafanya nini hapo: unachuchumaa unachota viganja viwili, unasikia "oyaa!" unanyanyuka, unajikunja mpira unapita mgongoni, unageuka kwa sababu yule wa upande wa pili kashaudaka, unakimbia hatua nne unasimama ghafla, unarudi kwenye chupa. Dakika mbili tu za hivo moyo umeshapanda. Na huko kugeuka na kusimama ghafla mtu anayetembea tu kandokando ya barabara hakupati, wakati ndo kunakoufundisha mwili kujishika usianguke, na uzeeni kuanguka bafuni ndo kunavunja watu nyonga. Hao hao WHO wanasema kuanzia miaka 65 mtu afanye mazoezi ya kuimarisha balansi walau siku tatu kwa wiki. Sasa bibi akirushiwa mpira taratibu na wajukuu akawa anaudaka huku kasimama, tayari yumo.

Mtaniambia mbona kuna mabonanza. Yapo, nayapenda, lakini tuseme ukweli, ofisi nzima imekuja, wanaocheza ni wale wale wanaojua mpira, wengine wako kwenye nyama choma. Kidogo kuvuta kamba na kukimbia na magunia ndo kunaingiza kila mtu, ila mpaka Mei Mosi tena. Klabu za joging ndo zimenifundisha kitu. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, lakini klabu za mitaani hazisubiri Jumamosi ya pili, wanakimbia huku wanaimba mchakamchaka, wana jezi, mwenzao akifiwa wanachanga na wanaenda kuzika. Mtu haendi pale kupunguza kitambi tu, anaenda kwa watu wake.

Angalizo moja, na hili nawaomba mlishike. Wewe uliyekaa miaka hujakimbia usiingie uwanjani na spidi ya zamani. Kuna ile kano kubwa nyuma ya kisigino, inakatika sana kwa wanaume wa miaka thelathini mpaka hamsini wanaocheza mara moja moja, unasikia kama umepigwa teke kwa nyuma, ukigeuka hakuna mtu. Dakika kumi za kupasha mwili moto kwanza, kila siku ya mchezo. Na kama magoti hayataki kukimbia, Uingereza pale Chesterfield mwaka 2011 walianzisha mpira wa miguu wa kutembea kwa ajili ya wazee, ukikimbia tu refa anapuliza. Hapa kwetu hakuna kinachotuzuia kufanya hivo.

Viwanja, najua mtauliza viwanja. Maeneo ya wazi mengi yamejengwa, ni kweli na tuendelee kuyadai, lakini rede inataka hatua kumi na tano za mchanga tu. Viwanja vya shule za msingi jioni viko wazi, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakiombwa vizuri wanakubali.

Kwaio Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane uwanja wa shule hapo nyuma. Soksi kuukuu njoo nazo, mpira tutashona pale pale, kina mama mje hivo hivo na madera yenu, mnafunga khanga kiunoni tunaanza. Haya, yule dada wa nyuma kanyoosha mkono muda mrefu, karibu dada uliza.