Mgeni Aonyeshwe Mfereji Pia

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, na ninyi vijana ambao baada ya miezi michache mtakuwa mkiwapokea wageni wa Tanzania, habari za asubuhi.

Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, nami sitachoka kulisema: tunaitambulisha nchi hii kana kwamba ni mbuga ambayo watu wameingia juzi. Mgeni hushuka kwenye ndege, hupelekwa Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, humalizia ufukweni Zanzibar, kisha hurudi kwao na picha nyingi za simba bila kujua lolote kuhusu kazi ya watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022, wala ya wazee wao.

Chukueni Engaruka. Mkitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, magari yetu hukatiza bonde kavu lililo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, na dereva ana haraka ya kufika. Hapo karibu, chini ya ukuta huo, pana magofu ya vijiji na mashamba yaliyoenea katika eneo la kilomita za mraba 20 hivi. Watu walioishi hapo tangu karibu karne ya 15 waliyakinga maji ya vijito vinavyoteremka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza kwa mifereji ya mawe hadi kwenye vishamba walivyovisawazisha, wakavuna mtama mahali ambapo mvua peke yake isingewashibisha. Fikirini ugumu wa kazi yenyewe: mfereji ukiteremka mno, maji huula udongo, ukilala mno, mchanga hutuama na kuuziba. Watu hao waliupata mteremko wa kati, wakautunza kizazi baada ya kizazi, na mawe waliyoyapanga yapo hadi leo. Sisi tunapita hapo tukimwonyesha mgeni twiga!

Najua mtaniambia kwamba mgeni amelipa ili aone simba, hakulipa aone mawe. Simba atamwona, hakuna anayemnyima. Ninachoomba ni saa mbili tu katika safari ya wiki nzima. Mwingine atasema kwamba wajenzi wenyewe hawajulikani kwa hakika, kwa hiyo hatuna la kusimulia. Ni kweli kwamba wataalamu bado wanajadiliana, lakini Wasonjo walioko kaskazini ya hapo wanalima kwa umwagiliaji hadi sasa, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachaga wana mifongo inayoshusha maji kutoka mlimani hadi migombani. Mwongozaji anayemsimamisha mpandaji mlima ili atazame mbega, kisha akauruka mfongo bila kusema neno, amemficha mgeni wake nusu ya nchi.

Muda umenibana, kwa hiyo mengine nitayagusa tu. Oldupai, lile korongo la mabaki ya binadamu wa kale, litamkeni hivyo, maana ni jina la Kimaasai la mkonge mwitu, na Olduvai ni makosa ya masikio ya wageni. Kilwa Kisiwani, ambako msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331, msiitaje kama nyongeza ya Zanzibar, kwa sababu ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya dhahabu ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo. Na mfundisheni mgeni kumwamkia mzee “shikamoo” na kungoja “marahaba”, badala ya kumwacha azunguke wiki mbili akisema “jambo” kwa kila mtu.

Walimu wenu wamekubali kwamba ziara ya mafunzo ya Natron itasimama Engaruka. Njooni na viatu vya kutembelea, mtafuteni kijana wa kijiji hicho awaongoze, mumlipe ujira wake, na mwanze pale maji yanapotoka kwenye korongo, ili mfereji wenyewe uwapeleke hadi mashambani.