Kigong'ota Asiyehitaji Mti

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nianze na ombi moja: ukienda kumtafuta kigong'ota wa ardhini, achana na miti. Ndege huyu, kitaalamu Geocolaptes olivaceus, hupatikana Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini tu, kwenye miteremko yenye mawe na majani mafupi. Ukipanda Sani Pass, ile barabara ya mlimani ya kuingia Lesotho, au ukitembea Rooi-Els kule pwani ya Cape, unaweza kumpita hivihivi, kwa kuwa mgongo wake wa kahawia ya kizeituni haujitengi na udongo.

Kwa hiyo tangulizeni masikio. Ana mlio mkali wa kukwaruza, unaofika mbali bondeni. Ukiusikia, simama, kisha pitisha darubini juu ya majabali, jiwe baada ya jiwe. Hutembea wawili wawili au kifamilia, na mara nyingi mmoja hukaa juu akilinda huku wenzake wakidonoa sisimizi chini. Mtafuteni huyo mlinzi.

Tukae hapo kwenye jiwe kidogo, maana hapa ndipo watu hubabaika. Majabali hayohayo yana ndege mwingine, Monticola rupestris, ambaye dume wake ana kichwa cha kijivu cha samawati na kifua cha rangi ya chungwa. Kwa mbali, jua likiwa kali, wanafanana kweli. Tazama uso. Kigong'ota ana mdomo mrefu ulionyooka na jicho la rangi ya krimu linaloonekana wazi. Yule Monticola ana mdomo mfupi na jicho jeusi. Halafu shuka tumboni mwa kigong'ota: ni wekundu wa waridi, si chungwa. Msihangaike na utosi mwekundu kama wa vigong'ota wengine. Huyu hana.

Akiruka ndipo napenda zaidi. Juu ya mkia panafunguka wekundu mkali, na mkia wenyewe ni wa kahawia wenye mistari hafifu. Yule mwingine mkia wake ni wa chungwa.

Kiota je? Huchimba handaki la karibu mita 1 kwenye ukingo wa udongo, hata kando ya barabara iliyokatwa mlimani. Mkimwona anaingia humo, rudini nyuma na mtumie darubini, kwa sababu mtu akisimama mbele ya tundu wazazi hawaingii kulisha makinda.